Majani ya mpera yameweka duara, ya mwarobaini karibu hayakuweka: nisomeje matokeo haya?

Mwanafunzi wa Majani, Morogoro

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika mikrobiolojia, na ninaandika kwa sababu matokeo ya mradi wangu yamenitia mashaka ambayo nimeshindwa kuyamaliza kwa kusoma peke yangu. Nilichagua kupima majani ya miti miwili ambayo kila aliyekulia kwetu anaifahamu, yaani mwarobaini na mpera. Mwarobaini niliuchagua kwa ajili ya bibi yangu, ambaye tulipougua surua au tetekuwanga alichemsha majani yake katika sufuria kubwa, akaacha maji yapoe, akatuogesha asubuhi na jioni mpaka upele ukakauka. Mpera niliuchagua kwa kuwa majani yake machanga ndiyo dawa ya kwanza ya kuhara katika nyumba nyingi, kabla hata ya mtu kufikiria kwenda dukani.

Niliyakausha majani kivulini, nikayasaga, nikayaloweka kwa siku tatu katika ethanoli ya asilimia 70, nikachuja, kisha nikaivukiza ethanoli mpaka nikabaki na dondoo zito la kijani. Dondoo hilo nililiyeyusha kwa kiwango cha miligramu 100 katika kila mililita, nikadondosha mikrolita 20 kwenye diski za karatasi zenye kipenyo cha milimita 6, nikazipanga juu ya agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria) iliyopakwa bakteria wa Staphylococcus aureus katika sahani moja na wa Escherichia coli, yaani E. coli, katika sahani nyingine. Diski za mpera ziliweka duara, yaani eneo wazi ambamo bakteria hawakuota, la milimita 15 kwa Staphylococcus na hazikuweka chochote kwa E. coli. Za mwarobaini ziliweka milimita 8 tu kwa Staphylococcus, na kwa E. coli hazikuweka kitu. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria niliyoitumia kama kipimo cha kulinganishia, iliweka milimita 22 pande zote mbili.

Mwenzangu katika maabara ananishauri niandike kwamba mpera una nguvu ya asilimia 68 ya jentamaisini, kwa kuwa 15 ukigawa kwa 22 unapata hivyo. Je, hesabu hiyo inasimama? Kwa nini E. coli hakuguswa kabisa, ilhali mpera ni dawa ya tumbo na E. coli ni mdudu wa tumbo? Na swali linalonisumbua zaidi ya yote ni hili: je, niandike kwamba bibi yangu alikosea?

Fundi Maabara, Mombasa

Ndugu Mwanafunzi, nianze na asilimia 68, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuangusha mbele ya watahini. Diski yenyewe ina kipenyo cha milimita 6, na kipenyo hicho kimo ndani ya kila duara unalolipima. Kwa hesabu ya mwenzako, diski tupu isiyo na dawa yoyote ingepewa asilimia 27 ya nguvu ya jentamaisini. Sidhani kama kuna mtu atakayekubali kwamba karatasi ya kuchujia ni robo ya kiuavijasumu.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Diski ya kawaida ya jentamaisini hubeba mikrogramu 10 za dawa. Wewe umeweka mikrolita 20 za dondoo lenye miligramu 100 kwa mililita, maana yake kila diski yako imebeba miligramu 2, au mikrogramu 2,000. Umeweka mzigo mara 200 ya ule wa jentamaisini na bado umepata duara dogo zaidi. Hili halimaanishi kwamba jani lako ni hafifu mara mia mbili na zaidi, kwa sababu ndani ya dondoo hilo mna klorofili, sukari, nta na vitu vingi visivyohusika, na pengine kiungo chenye nguvu ni sehemu ndogo sana ya uzito ule. Linamaanisha tu kwamba vitu viwili hivi havikuwekwa kwenye mizani moja, kwa hiyo uwiano wao hauna maana.

Lakini kosa ambalo nimeliona mara nyingi zaidi, na ambalo hata vitabu vya mazoezi havilielezi vya kutosha, ni kulisoma duara kana kwamba ni kipimo cha nguvu ya dawa. Duara hupima mambo mawili kwa pamoja: jinsi dawa inavyozuia bakteria, na jinsi inavyosafiri ndani ya agari. Agari ni maji yaliyogandishwa. Jentamaisini ni molekuli inayopenda maji, kwa hiyo hutoka kwenye karatasi na kutembea vizuri. Viungo vingi vya majani, na hasa vile vya jamii ya terpenoidi vilivyojaa katika mwarobaini, vinapenda mafuta. Hubaki vimeng'ang'ania karatasi au huenda milimita moja na kusimama. Dawa kali isiyotembea huweka duara dogo, na dawa dhaifu inayotembea huweka duara kubwa. Mtindo wa diski ambao Bauer, Kirby na wenzao waliuchapisha mwaka 1966 ulitengenezwa kwa ajili ya viuavijasumu safi, ambavyo kila kimoja kina jedwali lake la vipenyo vilivyolinganishwa na majibu ya wagonjwa. Jedwali la mwarobaini halipo.

Kwa hiyo ningekushauri uache diski zibaki kama uchunguzi wa awali, halafu utafute kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, kwa kutumia mchuzi wa Mueller-Hinton, yaani chakula cha majimaji cha bakteria, katika sahani yenye visima 96. Unaanza na kiwango kikubwa katika kisima cha kwanza, unakipunguza kwa nusu kila unaposogea, unaweka bakteria wapatao laki tano kwa mililita katika kila kisima, na unaacha usiku kucha kwenye nyuzi joto 35. Kwa kuwa dondoo lako ni la kijani, hutaweza kuona ukungu wa bakteria kwa macho. Ongeza rangi ya resazurini, ambayo ni ya buluu na hugeuka kuwa ya waridi pale palipo na seli hai. Hapa kuna mtego: baadhi ya viungo vya majani huweza kuibadilisha rangi hiyo vyenyewe bila bakteria yeyote, kwa hiyo lazima uwe na visima vyenye dondoo na mchuzi tu. Weka pia visima vyenye kiyeyushio peke yake, kwa sababu ulichotumia kuyeyushia dondoo nacho kinaweza kuua. Pima na uasidi, maana baadhi ya madondoo ni makali kwa uasidi wake tu, kama vile ndimu ilivyo.

Kuhusu E. coli, jibu liko katika ukuta wake. Bakteria wa kundi la Gramu hasi, ambamo E. coli yumo, wana utando wa nje ambao Staphylococcus hana, na utando huo ni kama uzio wenye vitundu vyembamba vinavyopitisha molekuli ndogo zinazopenda maji na kuzuia nyinginezo. Zile chache zinazofanikiwa kuingia hukutana na pampu zinazozitema nje. Karibu kila anayepima majani hupata picha hii uliyoipata wewe: Staphylococcus anaguswa, E. coli anakaa salama.

Jambo la mwisho: umesema "diski za mpera" kwa wingi. Kama ni diski tatu zilizokaa katika sahani moja siku moja, hilo ni jaribio moja lililopimwa mara tatu. Majaribio matatu ni siku tatu, bakteria waliooteshwa upya, na ikiwezekana majani yaliyochumwa upya.

Mkemia wa Zamani, Dar es Salaam

Nakubaliana na Fundi Maabara karibu katika kila neno, nami nitaongeza upande wa kemia, kwa kuwa nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiyachemsha, nikiyaloweka na kuyatenganisha majani.

Tafuna jani bichi la mpera, ndugu Mwanafunzi, na usikilize ulimi wako. Utakauka na kukunjamana. Ukakasi huo ni tanini zikishikana na protini za mate yako. Babu zetu wa pwani waliifahamu kazi hiyo ya tanini bila kuiita kwa jina hilo, kwani magome ya mikoko yalitumika kudabaghi ngozi kwa sababu ileile: tanini hushika protini za ngozi na kuzizuia zisioze. Sasa fikiria kitu kama hicho kikitua juu ya agari. Kitashika protini za bakteria, lakini pia kitashika protini za chakula chao na madini ya chuma wanayoyahitaji, na bakteria watadumaa kwa njaa kama vile wanavyoweza kudumaa kwa sumu. Duara lako la milimita 15 linaweza kuwa la tanini tupu. Sisemi kwamba tanini si dawa. Kwenye kidonda au ndani ya utumbo zinaweza kusaidia kwelikweli. Nasema tu kwamba hazitakuwa kiuavijasumu cha kumeza na kupeleka kwenye mapafu au figo, na ni heri ujue mapema kama ndizo ulizozipima. Pitisha sehemu ya dondoo kwenye safu ya poda ya poliamidi, ambayo huzinasa, kisha upime tena. Kama duara limetoweka, umepata jibu lako.

Kuhusu mwarobaini, watu wengi hudhani kwamba mti unaotajwa kutibu maradhi arobaini lazima uue kila kitu. Mti wowote hutengeneza sumu zake kwa ajili ya maadui zake wenyewe, na maadui wakubwa wa mwarobaini ni wadudu wanaokula majani. Mwaka 1959 nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona kundi la nzige likimaliza kila kijani kilichokuwapo na kuuacha mwarobaini. Kiungo kilichopatikana baadaye na kuitwa azadiraktini, kilichotengwa mwaka 1968, huwanyima wadudu hamu ya kula na kuwavuruga wanapotaka kujivua ngozi ili wakue. Ni molekuli yenye umbo gumu kiasi kwamba wanakemia wa Cambridge walihangaika miaka 22 kabla ya kufanikiwa kuitengeneza katika maabara mwaka 2007. Lakini bakteria hali majani wala hajivui ngozi. Tena azadiraktini hukaa zaidi katika mbegu kuliko katika majani. Katika majani utakuta nimbolidi na ndugu zake, pamoja na flavonoidi kama kwesetini, na kazi yao dhidi ya bakteria ni ya wastani. Milimita 8 hazinishangazi.

Njia ya kutoa dawa ndani ya jani nayo ni nusu ya dawa. Tu Youyou wa China, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua alipata matokeo yanayopanda na kushuka bila sababu ya kueleweka, mpaka aliposoma tena maelekezo ya tabibu wa kale Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, ambaye hakusema majani yachemshwe bali yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Akafahamu kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na dondoo likafanya kazi. Hukutueleza uliivukiza ethanoli yako kwa joto gani. Kama uliiweka juu ya jiko la maabara ikachemka, basi ulichopima si kile kilichokuwa ndani ya jani.

Niruhusu na mfano mmoja ambao naupenda kuliko yote. Mimea ya jamii ya Berberis ina berberini, alkaloidi ya njano inayoweza kuua bakteria lakini ambayo Staphylococcus huitema nje kwa pampu yake iitwayo NorA, kwa hiyo ikiwa peke yake huonekana dhaifu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba majani ya mimea hiyohiyo yana kiungo cha pili, ambacho chenyewe hakiui chochote, lakini huiziba ile pampu. Vikiwekwa pamoja, berberini inageuka kuwa kali. Mtu angeyatenganisha majani yale sehemu moja moja na kupima kila moja kivyake, angeitupa sehemu yenye ufunguo akisema haina kazi. Mimi mwenyewe nimetupa sehemu nyingi za aina hiyo katika ujana wangu, na sitazijua kamwe.

Bi Mkunga, Pemba

Mwanangu Mwanafunzi, mimi si mtu wa maabara. Nilikuwa mkunga na muuguzi kwa miaka mingi, na nimeogesha watoto kwa mwarobaini nisioweza kuwahesabu. Nataka nikuulize jambo ambalo waliotangulia hawakuliuliza: bibi yako alikwambia kwamba maji yale yanaua nini?

Surua ni kirusi, na tetekuwanga ni kirusi. Sisi hatukuwa na neno kirusi, lakini tulijua kwamba ugonjwa ule una siku zake na hauharakishwi. Tulichotaka ni mtoto apoe na aache kujikuna. Mtoto wa tetekuwanga akijikuna, malengelenge hupasuka, kucha chafu huingia, na hapo ndipo usaha unapoanza na makovu yanapobaki. Maji ya mwarobaini hutuliza muwasho, ngozi ikatulia, mtoto akalala. Kwa hiyo usaha haukuja, si kwa sababu maji yaliua vijidudu vya usaha, bali kwa sababu mlango haukufunguliwa. Wewe umekwenda kumpima bibi yako kwa E. coli katika sahani. Umempima kwa madai ambayo hakuyatoa.

Na hilo la mpera ni hivyohivyo. Tulimpa mtu maji ya majani machanga ya mpera ili tumbo liache kumkata na kumkimbiza chooni, na maji mengine ya kunywa yenye chumvi na sukari yakafuata. Kama jani hutuliza utumbo, linafaa hata kama mdudu wa tumbo analicheka.

Nina swali jingine la mtu wa shamba. Una uhakika kwamba mti ulioutumia ni mwarobaini? Kuna mti unaofanana nao sana, ambao wengi huuita mmelia, na watoto wa siku hizi huuchanganya. Mwarobaini jani lake lina uti mmoja, na vijani vimepangwa huku na huku kama unyoya wa ndege. Mmelia uti wake hugawanyika tena kuwa matawi madogo ndipo vijani vikaota. Matunda ya mmelia ni sumu kwa mtu.

Mwisho, kama unatafuta majani yenye makali, njoo Pemba. Watu hufikiri karafuu ni ule ua mkavu tu, lakini hata jani la mkarafuu ukilifikicha mkononi linanukia, na mafuta hukamuliwa kwa mvuke kutoka katika makonyo na majani pia. Tuna na kivumbasi, ambacho tulikitundika ndani kufukuza mbu na kukifikicha puani kwa mtu mwenye mafua.

Fundi Maabara, Mombasa

Bi Mkunga, shikamoo. Umesema kwa aya moja jambo ambalo mimi nililizunguka kwa aya tano.

Naongeza kwa ndugu Mwanafunzi kuhusu karafuu na kivumbasi. Kinachonukia katika jani la mkarafuu ni eugenoli, ileile ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Hii hutoboa utando wa seli ya bakteria na kuufanya uvuje, na hata E. coli huathirika nayo, kwa kuwa molekuli yake ni ndogo. Ukiamua kuipima, jihadhari na mvuke wake: diski moja ya mafuta ya karafuu ikiwa katika sahani moja na diski zako nyingine inaweza kuwadhoofisha bakteria wa sahani nzima, na utaandika kwamba mpera umekuwa mkali ghafla. Mafuta pia hayachanganyiki na mchuzi bila kiunganishi kidogo, na kiunganishi hicho kinahitaji kisima chake cha kulinganishia.

Kuhusu kivumbasi kuna somo ambalo ni gumu kulimeza. Mimea miwili ya Ocimum gratissimum inayoota katika wilaya mbili tofauti inaweza kuwa mmoja umejaa eugenoli na mwingine umejaa thaimoli, na mtaalamu wa mimea akaipa yote miwili jina moja bila kukosea. Ndiyo maana tunasisitiza mtafiti akaushe tawi lenye maua, alipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iwe ile ya Arusha, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Makumbusho ya Nairobi, apate namba ya sampuli, na aiandike pamoja na mahali na mwezi wa kuchuma. Bila namba hiyo, utafiti wako hauwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Mfamasia wa Wilaya, Dodoma

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, lakini nina dukuduku, na naomba nisichukuliwe kama mpinzani wa majani.

Kila mwaka wanafunzi wetu huchuma jani, hulipima kwa diski, huandika kwamba lina alkaloidi, tanini, saponini na flavonoidi, na humalizia kwa kusema kwamba jani hili linaweza kuwa chanzo cha dawa mpya. Orodha hiyo ya viungo ni kweli kwa karibu kila jani, hata la mchicha. Kisha ripoti inakaa kabatini, na mwaka unaofuata mwingine anachuma jani lilelile. Wakati huohuo usugu wa vimelea unakwenda kwa kasi: makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na eneo letu la Afrika Kusini mwa Sahara ndilo lililokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo. Tunahitaji mtu wa kwenda hatua ya pili na ya tatu.

Hatua hizo zinaanza na hesabu rahisi. Tuseme Mwanafunzi anapata kwamba dondoo lake huzuia Staphylococcus kwa miligramu 5 katika kila mililita. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Ili kufikia kiwango hicho katika damu peke yake, angehitaji gramu 25 za dondoo zifyonzwe zote bila kupotea, jambo ambalo utumbo na ini havitaliruhusu. Ndiyo sababu watafiti wengi huliona dondoo ghafi kuwa na nguvu ya kweli pale tu linapozuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na kiungo safi chini ya mikrogramu 10. Juu ya miligramu 1, tunachokiona mara nyingi ni wingi tu. Lakini kwa dawa ya kupaka, ya kusukutua au ya kuosha kidonda hesabu ni tofauti kabisa, kwa kuwa hapo unaweza kuweka miligramu nyingi moja kwa moja mahali panapohusika. Ningependa kila mradi wa majani useme tangu ukurasa wa kwanza: dawa hii itapita wapi kufika kwa mdudu?

Halafu kuna seli za mgonjwa mwenyewe. Kitu kinachotoboa utando wa bakteria kinaweza kutoboa na wa mtu. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, ingawa mti ni uleule tunaouamini. Na hata Artemisia, iliyotupatia dawa bora ya malaria tuliyonayo, Shirika la Afya Duniani halishauri itumiwe kama chai ya majani, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani na vimelea vinaweza kuzoea dozi hafifu. Nasema haya kwa ajili ya wasomaji ambao watatoka hapa kwenda moja kwa moja kwenye mpera wa jirani.

Mkemia wa Zamani, Dar es Salaam

Mfamasia amesema kweli, ila nina neno moja la kuwatetea wanaopima majani. Tukiacha majani, watu hawataacha miti. Watarudi kwenye magome na mizizi. Mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, Warburgia ugandensis, una kiungo kikali dhidi ya fangasi kiitwacho poligodiali, na umechunwa magome mpaka miti mingi ikafa imesimama. Wenzetu wa Afrika Kusini, ambako ndugu yake Warburgia salutaris amekaribia kumalizika porini, walianza kuuliza kama majani yanaweza kuchukua nafasi ya gome. Jani linachumwa na kuota tena. Hata kama nguvu yake ni nusu ya gome, mimi ningechagua jani.

Mwanafunzi wa Majani, Morogoro

Bi Mkunga, shikamoo, nanyi wakubwa zangu wote, nimesoma kila neno, na baadhi nimeyasoma mara tatu.

Nimekwenda kuutazama mti. Ni mwarobaini, uti wa jani ni mmoja, na tawi lenye maua nimelikausha ili lisafiri Arusha na mtu anayekwenda huko wiki ijayo. Kuhusu joto, Mkemia amenikamata: tulikuwa tunavukiza kwenye bafu ya maji ya nyuzi 80 kwa sababu kifaa cha kuvukiza kwa kupunguza shinikizo la hewa kilikuwa kimeharibika. Nitaloweka upya na kuivukiza ethanoli kwenye sahani pana mbele ya feni, hata kama itachukua siku mbili. Asilimia 68 nimeifuta.

Msimamizi wangu amekubali niache E. coli na niseme wazi kwamba ninatafuta dawa ya kuosha ngozi, kwa hiyo nitabaki na Staphylococcus katika visima 96, mpera ukiwa na tanini zake na mpera uliopitishwa kwenye poliamidi, kila kimoja kwa siku tatu tofauti. Mwarobaini nitaupima vilevile, lakini katika sura ya majadiliano nitaandika alichosema Bi Mkunga kuhusu kucha na muwasho.

Jana nilimpigia bibi simu nikamuuliza maji yale yalikuwa yanaua nini. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama chuoni wananifundisha kuua tu.